Fundi Gonga na Boti Aliyoikataa

"Boti haijazama, shemeji. Miaka minne, haijazama."

"Na wewe hujanyamaza. Miaka minne."

"Kaka alikuwa na roho ya kwa nini. Nidanganye kwa sababu amekufa?"

"Sema utakavyo. Ila usiseme ukiwa umekalia kiti chake."

Wasikilizaji wapendwa, hao ni watu wa familia moja, sebuleni, wiki mbili baada ya mazishi. Anayefoka ni mdogo wa marehemu, anafundisha jiografia, nyumbani wanamwita Mwalimu. Anayemjibu ni mjane. Tulikwenda kuchukua maneno mawili matatu ya kumbukumbu, tukakuta moto umeshawaka. Tukataka kuzima kinasa sauti. Mjane akakataa. "Kiacheni," alisema. "Wasikie."

Marehemu ni Fundi Gonga. Narudia, Fundi Gonga, mkaguzi wa boti za matanga. Ukitaka kununua boti iliyokwishatumika, zile za safari ndefu zenye vitanda na jiko ndani, unamwita yeye kwanza. Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita. Alitembea na kinyundo kidogo cha plastiki, anagonga ubavu wa boti, anasikiliza. Ko, ko, ko, basi ni mzima. Akisikia pu, hapo maji yameshaingia. Ikawa ndiyo mazoea yake, hadi mitaani. Binti yake anasema, "Siku ya kwanza kwenda kwa wakwe zangu, baba aligonga meza yao kabla hajawasalimia."

Hakuwa mtu wa maneno matamu, tusidanganyane. Wauzaji walikuwa hawampendi hata kidogo. Mmoja alimfungia geti asiingie. Fundi akazunguka, akaja na kiboti cha makasia kwa upande wa maji, akaanza kugonga.

Na alikuwa na desturi moja. Mkipatana saa tatu, yeye anafika saa mbili. Sababu ni injini. Injini mbovu ikipashwa moto mapema, mbele yako itawaka kwa adabu zote. Ukiikuta baridi, itasema ukweli. Kwa hiyo kabla ya kusalimia mtu, anaiwekea kiganja.

Sasa, Mwalimu akapata boti ya kununua. Bahari alikuwa anaijua kwa ramani tu, lakini akaipenda. Rangi mpya, matanga meupe, mito mipya. Kipya kinyemi, si mnajua wenyewe. Alitaka kuchukua likizo ya mwaka mzima wasafiri, yeye, mkewe na mabinti zao, mmoja miaka sita, mwingine tisa. Lakini bila ripoti ya mkaguzi, boti hairuhusiwi kutoka bandarini. Akamwita kaka yake.

Fundi alifika saa mbili kama kawaida. Akashuka chini, akaweka kiganja. Injini ilikuwa ya moto kama pasi.

Akamgeukia mdogo wake. "Nani kamwambia muuzaji tunakuja saa mbili?"

"Nilimwambia ajiandae tu."

"Ajiandae nini? Ni mtihani wake au wako?"

"Nilitaka ifaulu, kaka."

"Yaani umemsaidia mtu akudanganye wewe mwenyewe. Nimeona mengi, hili jipya."

Wakaenda kuijaribu kwenye upepo. Matanga meupe, kumbe kitambaa kimelegea kama fulana ya zamani. Kila ikitaka kupanda upepo, boti inakwenda upande kama kaa. Waya mmoja wa mlingoti ulikuwa umechanika nyuzi. Hayo yote Fundi aliyaandika, yanarekebishika. Halafu akainua mbao za sakafu.

Chini ya boti kuna mkuku, ule uzito wa chuma unaoizuia isipinduke. Unashikwa na bolti. Hii ilikuwa na bolti kumi na mbili. Narudia, kumi na mbili. Akafungua moja. Katikati kutu ilikuwa imeila, ikabaki nyembamba kama penseli. Mkuku ukidondoka, boti inapinduka mara moja, na walio ndani wako ndani.

Mwisho wa ripoti aliandika neno moja: Isisafiri.

Mwalimu alimwita mchawi wa furaha za watu. Akatafuta mkaguzi mwingine, naye huyo akasaini hata chini hajashuka. Boti ikanunuliwa. Ikapandishwa nchi kavu wiki moja ipakwe rangi ya chini, kisha wakaondoka. Kila wakifika salama, Mwalimu anamtumia kaka yake picha ya mabinti na maneno matatu: Hatujazama bado, kaka. Likizo ikaisha, safari za kila likizo zikaendelea, na picha hazikukoma. Mjane anasema kila ikifika picha, Fundi alikuwa akiitazama, anasema "vizuri," anaendelea kula.

Moyo wake ulisimama Jumanne asubuhi, akiwa kazini. Hawakuwa wamepatana.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole mjane, tunampa pole binti, na Mwalimu pia, pole yako ipo hata kama huitaki. Na wewe unayetusikiliza, kuna mtu kwenu ambaye kila siku ni hapana, hapana. Umeshamuuliza hiyo hapana inamgharimu nini? Fikiria tu. Usitupigie simu.

Sebuleni waliishia hivi.

"Alikosea," anasema Mwalimu. "Mseme kwamba alikosea. Mabinti zangu wamefika kila mahali."

"Wamefika kwa sababu ya nani?" anauliza mjane. "Ile wiki boti iko juu, wewe unasahihisha mitihani, alikwenda yeye na mchomeleaji. Siku mbili wako chini ya ile boti. Alirudi hawezi kuvua shati, nikamvua mimi."

"Unasema nini?"

"Miaka minne hujainua sakafu ya boti yako hata mara moja. Ungeziona zinang'aa."



"Bolti zote?"

"Kumi na mbili."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema ukijua, utazitoa."

Kiti kinasogea. Mwalimu anapita katikati yetu, anaukanyaga waya wa kinasa sauti, hamuagi mtu. Anatoka, anafunga mlango.