Vidole Viwili vya Kitako

Benchi lile alilitengeneza Randa mwenyewe kwa mbao zilizobaki za vitanda, akaliweka mbele ya karakana yake ya useremala, na tangu siku hiyo hajapata kulikalia peke yake. Asubuhi Mama Birika anawasha jiko lake la makaa pembeni, Kinyozi anavuka barabara na taulo begani, Spea anafunga nusu mlango wa duka lake la vipuri vilivyotumika, na kazi ya kuurekebisha ulimwengu inaanza. Siku hiyo lakini kulikuwa na jambo la kweli la kuamua. Leseni ya Randa ya kuwinda ilikuwa imetoka, msimu unafunguliwa wiki ijayo, na muuza bunduki alikuwa amemwekea raifo mbili mpaka saa kumi jioni: moja mpya, moja ya mkononi, iliyokwisha kutumika. Zote za bolti, unavuta, unasukuma, unafyatua. Randa alikuwa hajui achukue ipi. Magotini alikuwa amelaza ya tatu, ya mti, aliyoichonga ili alizoeshe bega.

– Chukua mpya, alisema Kinyozi. Ina darubini.

– Mpya kitako chake plastiki, alisema Randa.

– Sasa wewe unakwenda kuwinda swala au kuwinda mbao?

– Halafu itakula hela yote. Risasi nitanunua na nini?

– Risasi moja inakutosha. Ukimtazama swala kwa darubini ile unamwona mpaka anachowaza. Mwenyewe akijua ameonekana hivyo, anakata tamaa, anakaa chini kukungoja.

Spea aliguna, akaweka kikombe chini. Huyo hajawahi kununua kitu kipya maisha yake yote, hata viatu vya harusi yake vilikuwa vimeshaoa mara moja.

– Kitu cha mkononi ndicho kitu, alisema. Bunduki iliyokwisha kuangusha swala arobaini haihitaji kufundishwa kazi. Unaifikisha porini tu, mengine inakumbuka yenyewe.

– Basi na mkasi wangu ungekuwa unanyoa wenyewe, mimi nimelala.

– Mkasi wako una miaka mingapi?

– Miwili.

– Ndiyo maana. Kazi zake tunaziona vichwani mwa watu.

– Mnaongea bunduki hapo kama kuna mmoja wenu aliyewahi kupiga hata panya, alisema Mama Birika, huku akiwaongezea kahawa.

Randa alicheka nao, lakini mawazo yake yalikuwa mbali. Marehemu baba yake alikuwa na raifo kama ile ya mkononi, ya mti mwekundu, bolti imeng'aa kwa kushikwashikwa. Walikuwa wakitoka alfajiri wawili tu, Randa kijana wa miaka ishirini amebeba maji na unga, mzee anatangulia, hasemi neno mpaka jua limepanda. Mzee alikuwa na kipimo chake. Kitako unakitia ndani ya kiwiko, unakunja mkono, kidole kifike kwenye kifyatulio. Kisipofika, hiyo bunduki si yako.

Mzee alipofariki, Randa ndiye aliyeipeleka kuuzwa, kwa kauli moja ya ndugu wote, akanunulia misumeno na randa iliyompa jina. Hakuna aliyemlaumu. Laiti mmoja angemlaumu, pengine angepumua. Na sasa, baada ya miaka kumi na tisa, amemkuta dukani pacha wake, bei nusu ya ile mpya, na kidole hakifiki. Imemzidi vidole viwili kamili. Angekikata kitako kwa dakika tano, seremala mzima, lakini kukikata kile kitako aliona ni kama kumkata mzee mkono. Hilo hakuwaambia wenzake. Hata ile ya mti aliichonga kwa urefu uleule wa mzee.

Ndipo akatokea mama mmoja mtu mzima, koti la kaki limepauka, amebeba kiti kilichovunjika mguu.

– Fundi nani hapa?

– Mimi, mama. Karibu. Kiweke tu hapo, nitakiangalia.

Mama hakukiweka. Macho yake yalikuwa magotini kwa Randa. Alimpa Spea kile kiti akishike, akaichukua ile bunduki ya mti, akaelekeza mtutu chini na kuchungulia kama kuna risasi ndani.

– Ya mti hiyo, mama, alisema Kinyozi.

– Naona. Nimekuwa askari wa wanyamapori miaka ishirini na sita. Nimestaafu mimi, mikono bado.

Benchi zima likasogea kumpa nafasi. Spea, kiti cha watu kimemkaa mapajani, akamweleza habari ya raifo mbili, akiisifia zaidi ile ya mkononi.

– Ya mkononi, mama alimwuliza Randa, umeitoa bolti ukauchungulia mtutu kwenye mwanga?

– Nimechungulia. Msafi, hauna kutu.

– Bolti haikwami?

– Inateleza.

– Risasi zake zinapatikana hapahapa?

– Zimejaa.

– Basi hela inayobaki nunua risasi za kujifunzia, maana mnyama uliyemjeruhi ni wako, utamfuata hata siku mbili.

– Na darubini? aliuliza Kinyozi kinyonge.

– Akishajua kulenga. Hebu iweke begani, fundi.

Randa akaiweka. Shingo ikamrefuka, kidole kikapapasa hewa.

– Hii umeipima kwa mkono wa nani?

– Wa baba. Alikuwa mrefu. Tulimzika zamani.

– Pole, baba, mama alisema, na sauti yake ilikuwa ya pole kweli. Sasa wiki ijayo anayekwenda porini ni nani?

Kinyozi, mwenye jibu la kila kitu, akaanza kukunja taulo. Spea akawa anakagua mguu wa kiti. Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, likatoa masimbi ya kahawa tu.

Randa aliinuka na ile bunduki ya mti, akaingia karakanani. Alikitia kitako ndani ya kiwiko chake mwenyewe, akachora mstari kwa penseli ya sikioni, akabana mti kwenye jiliwa, akashika msumeno. Hakukawia. Alimkumbuka baba yake wakati ule kuliko hata siku ya msiba, na machozi yakamtoka wazi, mlango hakuufunga.

Alipotoka, alikunja mkono, kidole kikafika.

– Naichukua ya mkononi, alisema. Nitaikata.

Kipande kilichoanguka, cha upana wa vidole viwili, alikuwa amekitia mfukoni mwa aproni. Kisha akapokea kiti kwa Spea na kumwuliza mama kilivunjikaje.