Mzee Ngeleja Ashuka Kwenye Gari la Matangazo

Tarehe 30 Juni 2026, baada ya miaka thelathini na mitano ya utumishi, Mzee Method Ngeleja, mtangazaji wa kitengo chetu cha habari hapa Bariadi, anastaafu. Wapo wasioujua uso wake, lakini asiyeijua sauti yake ikitoa salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka!", kutoka juu ya paa la gari, huyo amehamia Simiyu wiki hii.

Alianza Meatu mwaka 1991, kijana mwenye sauti nene na miguu mepesi. Alikabidhiwa Land Rover yenye spika mbili za honi na redio ya kaseti, afikishe habari kabla uvumi haujafika. Msimu wa ngoma ulipoingia baada ya mavuno, alicheza upande wa Wagika, moja ya kambi mbili za ngoma za Wasukuma, na waliomwona wanaapa kwamba vumbi halikutulia mpaka aketi.

Kosa lake kubwa alilifanya katika kijiji cha Kimali. Alikwenda kutangaza chanjo ya ng'ombe, na ili watu wasogee akatanguliza kaseti ya ngoma ya Wagika. Watu walisogea, wakasikiliza, wakaenda zao. Siku ya chanjo ikaja nusu ya mifugo tu. Wagalu, wapinzani wa jadi uwanjani, hawakuona sababu ya kupeleka ng'ombe wao kwenye sindano ya Wagika! Mzee Bujiku, Mgalu mwenye zizi kubwa, alimwambia bila kupepesa macho: "Mwanangu, gari lako linacheza, nawe unacheza. Mkiacha, tutawasikiliza."

Msimu ule ng'ombe wengi wa Kimali walikufa kwa ugonjwa, na jambo hilo lilimuuma sana. Tangu hapo gari likabeba kaseti mbili, moja ya kila upande, zikipigwa kwa zamu. Yeye mwenyewe akaacha ngoma kabisa. Mkewe, Mama Benedikta, anasema miaka ya mwanzo alikuwa akicheza jikoni, mlango umefungwa, akidai anaua mende.

Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012 alihamia Bariadi, na kila chombo kipya alikipokea kwa mikono miwili: flashi, redio za FM, kisha magrupu ya WhatsApp, ambako hutuma matangazo ya sauti kwa Kiswahili na Kisukuma ili bibi asiyesoma naye asipitwe. Mwaka jana akiwa likizo, mwenzetu Goodness alipamba tangazo la mbegu za pamba kwa video ya ngoma ya Wagalu. Kufikia jioni Wagika walikuwa wanajitoa kwenye grupu kwa makundi. Mzee alipigiwa simu, akacheka mpaka akakohoa, akatuma video ya Wagika yenye urefu uleule. Wote wakaomba kurudishwa.

Mzee wetu, tunakushukuru. Ulijinyima ulichokipenda kuliko vyote ili kila nyumba ipate habari, na tulilijua hilo hata pale ulipotuambia huchezi kwa sababu magoti yanauma.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Jumamosi ya sherehe, uwanjani Somanda, spika zitashikwa na Goodness, na wewe utaingia kucheza. Ustaafu wako uwe mrefu, afya tele, zizi lijae. Ila pasha miguu moto mapema: wajukuu wa Mzee Bujiku wamepiga simu kutoka Kimali. Wanakuja kukushinda.

Lucy Mwandu, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako