Mwalimu Jumlisha na Zamu ya Kumi na Moja

Waombolezaji, anayesoma ni mjukuu wangu lakini maneno ni yangu, mama wa marehemu, niliyeishia darasa la pili, kwa hiyo yakiwa makali msimkunjie yeye uso.

Marehemu, mliyemwita Mwalimu Jumlisha, alizaliwa tarehe 9 Mei 1960 katika chumba cha uani nilichofulia nguo za watu, akaanza shule Januari 1967, akachapwa kila wiki kwa ajili ya saba mara nane, mpaka alipoigeuza wimbo akiimba huku ananikamulia mashuka, akaapa kwamba hakuna mtoto atakayelia mbele yake kwa sababu ya hesabu.

Alimaliza chuo cha ualimu Novemba 1981, akaajiriwa tarehe 1 Februari 1982 katika shule iliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni, darasa la madirisha matatu na vioo viwili, na tarehe 20 Desemba 1986 akamwoa fundi cherehani, mwenye subira kunishinda, wakajaliwa binti mwaka 1988 na huyu msomaji mwaka 1990.

Darasani kila mtoto aliitwa kwa namba yake, na namba ikikaa kimya, watoto wawili ambao namba zao zikijumlishwa zinaifikia huruka na kuitika pamoja, "Tupo!", darasa likaangua kicheko, na hata vilaza wakajua kujumlisha kuliko karani wa benki.

Ijumaa tarehe 14 Juni 1991 aliwapeleka kupima upana wa mto bila kuuvuka, kwa kamba na vijiti, na wakati wa kurudi akawahesabu darajani, Kumi na Moja akawa kimya, Nne na Saba wakaruka, "Tupo!", wakacheka, naye akacheka, akaendelea mpaka thelathini na sita, hesabu ikatimia, wakaondoka, kumbe Kumi na Moja, binti wa fundi mpaka rangi wa mtaani kwetu, yuko ndani ya maji, akapatikana kesho yake asubuhi.

Nne na Saba, najua mlipokaa, na vitambi vyenu, mlikuwa na miaka kumi, mlifanya mlichofundishwa, futeni machozi.

Miaka miwili alifundisha kama anayesoma tangazo la ukutani, watoto wanasinzia, nikamwambia bora akauze mkaa, hadi yule mpaka rangi mwenyewe, ambaye mtoto wake mdogo alikuwa ameingia darasa hilo, alipomfuata akasema, "Mwalimu, mmoja ulimpoteza ukicheka, huyu unampoteza umenuna, rudisha mchezo." Akaurudisha kwa sharti moja, namba ikinyamaza asiitikiwe mtu, wote wangoje mpaka mwenyewe aonekane, na Kumi na Moja hakumpa mtoto mwingine hadi alipostaafu mwaka 2020, kila asubuhi aliita, akangoja, ndipo akaendelea, na wapo walioapa kwamba walisikia mtu akivuta pumzi ya kuitika.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2023, akalazwa Januari mwaka huu, wodini akawa anahesabu peke yake, akifika kumi na moja anageukia mlango, mkewe akataka kumwitikia ili alale, nikamshika mkono. Jumanne tarehe 4 Machi 2025, saa tisa alasiri, alifika hapo, akageukia mlango, akainamisha kichwa mara moja kama anayetia alama ya vema, hakufika kumi na mbili. Mimi nilitazama, mlango ulikuwa mtupu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala sakafuni kwetu, walimu wenzake, na mpaka rangi aliyelipaka jeneza hili bila kuniuliza. Mnaotaka kuhesabu kaburini, hesabuni, ila pale mnapopajua asiitike mtu.

Pumzika kwa amani, mwanangu, umengoja vya kutosha.