Kalisti Lubinza, Aliyetengeneza "Nyumba Isiyoshiba"

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu waombolezaji, shikamooni nyote mnaostahili. Mimi naitwa Dorah Lubinza, mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome habari za maisha yake, nitasoma taratibu kwa sababu tangu Jumanne hatujapumzika, mtanivumilia.

Ndugu yetu Kalisti Shija Lubinza alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapahapa Mhunze, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa mzee Shija Lubinza na mama Klara, ambao wote wametangulia. Alisoma shule ya msingi hapa Mhunze kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, kisha sekondari mjini Shinyanga, akamaliza kidato cha nne mwaka 1997, na mwaka uliofuata akapata kazi ya ukarani wa mizigo pale Isaka, kazi aliyoifanya hadi mwaka 2005 alipohamia Segese kufuata dhahabu kama vijana wengi wa wakati ule.

Tarehe 25 Novemba 2006 alifunga ndoa takatifu na Wema, huyu mnayemwona amekaa pale na khanga nyeusi, Mungu akawajalia watoto wawili, Suzana aliyezaliwa mwaka 2008 na Onesmo aliyezaliwa mwaka 2012.

Huko Segese kaka alichimba, kisha akahamia kwenye karasha, kusaga mawe, kazi ambayo vumbi lake mtu analivuta asubuhi hadi jioni. Rafiki yake mkubwa alikuwa Nasibu, walipanga nyumba moja, na Ijumaa ya tarehe 23 Agosti 2013 duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, alilokuwemo Nasibu liliporomoka, mwili ukachukua siku tano kutolewa, na Jumapili, Nasibu akiwa bado chini, mwenye duara akafanya sherehe ya kuzindua nyumba yake mpya, ng'ombe wawili wakachinjwa. Kaka alikwenda kwenye geti kuomba watu wa kuongeza nguvu ya kufukua, akaambiwa, "Ingia kwanza ule, hayo tutaongea kesho." Hakuingia, na kazi ya machimbo akaiacha mwezi huohuo.

Alifungua kibanda cha video, akanunua kamera, akawa anapiga picha za harusi na vipaimara, na ni kwa kamera hiyo ya harusi ndipo mwaka 2019 alianza kutengeneza filamu ya "Nyumba Isiyoshiba". Kwa ambao hamkuiona, ni habari ya tajiri wa dhahabu anayealika watu kwenye nyumba yake mpya, kila mgeni anayeisifia nyumba anamezwa na ukuta, na wageni waliobaki wanaendelea kula, na mke wa tajiri, aliyeigizwa na Bi. Mwahija, muuza pilau wa pale stendi, analalamika tu kwamba rangi ya ukuta inaharibika. Inatisha na inachekesha, ndivyo alivyotaka.

Ilionyeshwa mara ya kwanza Segese tarehe 12 Juni 2021, watu wakacheka mpaka benchi likavunjika, lakini wiki haikuisha maneno yakaanza, mtangazaji mmoja wa redio akasema filamu inawatukana waliobarikiwa, wengine wakasema ni ya kishetani, Bi. Mwahija akakosa wateja wa pilau karibu mwezi mzima, na tajiri mmoja akamtuma mtu kibandani kuuliza, "Bosi anataka kujua, yule wa kwenye filamu ni nani?" Kaka akamjibu, "Mwambie ni mwigizaji."

Mwezi Septemba mwandishi wa gazeti kutoka Dar es Salaam, ndugu George, aliandika kwamba filamu haijaamua kama inatutisha au inatuchekesha, na kwamba damu yake inafanana na juisi ya rozela. Kaka alimsomea Wema habari ile wakati wa chai, akasema, "Hapo kwenye rozela amesema kweli, ilikuwa rozela," lakini hakumaliza chai yake. Mwaka 2022 tamasha moja la filamu likaipa tuzo, na hapo waliokuwa wameiponda wakaandika upya, ndugu George naye akaandika kwamba ni kioo cha jamii yetu. Nilimpigia simu kumpongeza, akaniambia, "Filamu ni ileile, Dorah, sijaongeza hata sekunde moja." Nilisikia kwenye sauti yake kwamba amechoka.

Kilichomchosha zaidi kilikuja Mei 2023, alipoalikwa Geita kuionyesha kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mfanyabiashara wa dhahabu, nami nilimsindikiza kwa sababu tayari alikuwa hawezi kubeba vifaa. Wageni walikula huku wanatazama, walicheka kila ukuta ulipommeza mtu, mwenye sherehe akamkumbatia, akasema, "Umewapatia kweli hao matajiri!" Tukiwa njiani kurudi kaka akasema, "Wamecheka sana. Hakuna hata mmoja aliyejiona." Hakuionyesha tena mwaka ule.

Aliionyesha mara moja tu baadaye, hapa Mhunze, Aprili 2024, na Mama Nasibu alikuja, akakaa mbele, watu wakacheka, yeye hakucheka. Ilipokwisha alimshika kaka mkono, akasema, "Mwanangu, hii nyumba naijua. Nilikwenda pale kumuulizia Nasibu, nikapewa soda, nikaambiwa nisubiri." Kaka alilia mbele za watu, mtu ambaye hatukuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa baba. Hiyo ndiyo siku aliyoniambia kwamba filamu imefika.

Kuhusu ugonjwa, kikohozi kilianza mwaka 2020, mwaka 2022 madaktari wakaeleza kwamba ni vumbi la mawe mapafuni na halina dawa ya kuliondoa, akaishi kwa kulazwa na kuruhusiwa, na kuanzia Julai mwaka huu akawa wa mtungi wa oksijeni. Siku moja hospitalini nilikiri kwake kwamba mimi dada yake sijawahi kuitazama filamu yake hadi mwisho, naogopa, akacheka hadi muuguzi akaja, akasema, "Basi wewe ndiye uliyeielewa mapema." Alifariki Jumanne tarehe 19 Agosti 2025, saa nne asubuhi, Wema akiwa amemshika, akiwa na umri wa miaka 46.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Segese na Mhunze mliopika na kuchota maji, wapiga picha wenzake, Bi. Mwahija aliyelisha msiba huu tangu juzi, na ndugu George aliyesafiri kutoka Dar es Salaam, yupo pale nyuma. Wabeja sana. Baadhi yenu mmeuliza kama filamu itaonyeshwa leo, Wema ameomba isionyeshwe, anasema leo anamzika Baba Suzana, hayo mengine yatasubiri.

Kaka, umefanya kazi, umekohoa, umetosha. Pumzika kwa amani, maoni ya watu hayakufikii tena.