Mayai Thelathini na Nane ya Mwalimu Wakesho

Mwalimu Immaculate Wakesho anastaafu tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya kufundisha Kiingereza miaka thelathini na mmoja katika shule yetu hapa Mbololo. Kiingereza chenyewe nilimfundisha mimi. Haya, nimedanganya. Mimi ni Ndulu, mpishi wa shule. Niliishia darasa la nne, na Kiingereza changu nilikidokoa dirishani pake maharagwe yakichemka.

Kwake kitenzi kimoja kilikula wiki nzima, na mtoto hakukiandika tu, alikitenda. Mwaka 2009 ikafika zamu ya "keep". Jumatatu, mimi nikiwa sokoni, kila mtoto alipewa yai alitunze mpaka Ijumaa. Jumanne tukasikia kwamba hata kuku hufugwa kwa neno hilohilo. Jumatano, kunyamaza. Alhamisi, kutimiza ahadi. Neno moja, kazi nyingi kama mama wa nyumbani!

Alhamisi hiyo jioni mayai yote thelathini na nane yaliachwa jikoni kwangu yalale salama. Yaliandikwa majina kwa penseli, nami nikaamini wazazi wamechangia wageni, maana kesho yake tulitarajia maofisa wa elimu. Nikayachemsha. Ofisa mmoja alimla Kasyoka, mwenzake akammaliza Mansur kwa chumvi.

Watoto walilia, kisha wakacheka, wakaniita Mzee Mayai. Mwalimu hakunigombeza. Alikuja jikoni mwenyewe akaniambia nirudi dirishani, somo halijaisha. Nikamjibu maharagwe yanaungua. Hakukuwa na sufuria hata moja motoni.

Sikurudi. Miaka kumi na sita nimepika huku sauti yake ikinifikia nusunusu. Wanafunzi wake wamefika mbali: Nasiha ni wakili, Alexander anasoma habari redioni. Mimi nimebaki na mwiko na kiburi. Ningejua miaka inakwisha hivi, ningekubali kuchekwa.

Asante, Mwalimu, kwa watoto wetu wote. Huko Bura unakohamia sukuma wiki yako istawi, na magoti yakupe amani.

Ila usiondoke hivi hivi. Ule ukoko wa ugali niliokuwekea kila mchana tangu uje hapa, sijakuomba chochote kwa ajili yake. Leo naomba. Ijumaa ile uliwapa watoto maana ya tano ya "keep". Ningeweza kuwauliza wao, lakini sikutaka kuisikia kwa mtu mwingine. Pita jikoni uniambie.