Bi. Kavindu Aukabidhi Mlango wa Baridi

Ijumaa ya tarehe 28 Februari 2025, Bi. Kavindu Ndambuki atastaafu rasmi baada ya kuutumikia ushirika wetu wa wakulima wa maembe kwa miaka ishirini na miwili, mingi yake akiwa msimamizi wa chumba cha baridi hapa Kabiria. Tangu akabidhiwe chumba hicho, hakuna mfanyakazi aliyewahi kumwona kazini bila koti. Wapo wanaodai alizaliwa nalo. Sisi wa ofisi ya usafirishaji hatuna ushahidi wa kuwapinga.

Alianza hapa kama mfagiaji, na hakuja Nairobi kwa kupenda. Alikuwa mkulima kule Kathonzweni, Makueni, hadi mwaka ambao lori lililobeba maembe yake liliharibika njiani karibu na Sultan Hamud, likapigwa na jua hadi fundi alipopatikana. Mzigo ulipofika sokoni, broka aliuchungulia na kusema hata nguruwe hangeula. Bi. Kavindu aliyamwaga maembe mtaroni kwa mikono yake mwenyewe, kisha akatafuta kazi. Kisa hicho alitusimulia mara moja tu, wakati wa chakula cha mchana, na siku hiyo hakuna aliyeongeza ugali.

Kwa wageni wetu wasioijua biashara hii, zamani wakulima walishusha mzigo langoni petu asubuhi, na mabroka hawakuwa na pupa ya kununua. Walivuka barabara hadi kioskini, wakaagiza chai na mandazi, wakakaa. Kufikia adhuhuri maembe yalikuwa yameanza kulainika, na bei nayo ikalainika. Jioni mkulima alikubali chochote ili asirudi nyumbani na mzigo. Mabroka wenyewe waliita desturi hii kuliachia jua kazi.

Ushirika ulipojenga chumba cha baridi, tulidhani wakulima wangekikimbilia. Walikikimbia. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba embe likilala humo linakuwa embe la mochari. Nani aliyeueneza hatusemi, ila alikuwa akinywa chai. Chumba kikabaki kikipoza hewa tupu na kula stima, mpaka kamati ikaamua kwamba wakulima wasipopata bei ya maana kupitia chumba hicho kabla ya msimu kuisha, kitakodishwa kwa mfanyabiashara wa nyama kutoka Dagoretti. Bi. Kavindu, aliyekuwa amekabidhiwa ufunguo majuzi tu, aliipokea habari hiyo vibaya sana. Alipanda basi hadi Kathonzweni na kuwaomba majirani zake wa zamani wakijaze chumba mara moja, mara moja tu. Bw. Nzioka, mmoja wao, anasema walikubali kwa kumhurumia.

Siku ya mzigo, mabroka walivuka barabara kama kawaida, wakiongozwa na Bw. Zadock, ambaye hadi leo ndiye mkubwa wao. Bi. Kavindu aliyaingiza maembe ndani, akafunga mlango, akaleta kiti, akaketi mbele ya mlango na kuanza kufuma sweta. Siku hiyo ikapita. Chai ikanywewa. Kesho yake ikapita pia, na Bw. Nzioka akaanza kuuliza kama ukuta ule unaweza kutobolewa kidogo tu aone kama mali yake bado iko hai. Ilipofika siku ya tatu, kioski kiliishiwa mandazi, na wauzaji wa Kawangware wakawa wanampigia Bw. Zadock simu bila kukoma wakiulizia maembe. Akavuka barabara.

"Mathee, fungua basi," alimwambia. "Hii kitu itaozea ndani."

Bi. Kavindu hakuinua macho kutoka kwenye sindano zake. "Hizi hazina haraka. Ni wewe uko na haraka."

Maembe yalitoka magumu na baridi, yakauzwa kwa bei ambayo lango letu lilikuwa halijawahi kuisikia. Bw. Nzioka alilia mbele za watu. Nyama ya Dagoretti ilitafuta pa kulala kwingine, na chumba hakijawahi kukaa kitupu msimu wowote tangu hapo. Bw. Nzioka amejenga nyumba ya mawe, amewasomesha watoto wote, na siku hizi huja Nairobi na miwani ya jua hata kukiwa na mawingu. Ile sweta Bi. Kavindu aliimalizia wiki iliyofuata, akampa Bw. Zadock, ambaye huivaa kila Julai na hataki kuulizwa.

Sheria ya Bi. Kavindu ilikuwa moja: mlango ukishafungwa mzigo ukiwa ndani, haufunguliwi mpaka bei ikubaliwe. Haufunguliwi kwa meneja, kwa mchungaji, wala kwa mwenye mzigo. Meneja wetu, Bw. Isaiah, aliwahi kuomba keki ya arusi ya bintiye ilazwe humo. Ililazwa kwenye bucha la Dagoretti Corner. Waliokula wanasema ilikuwa tamu, ila ilinuka matumbo. Naye dereva wetu Mutinda aligunduliwa akizima mtambo wa baridi wa lori huko Emali ili kuokoa dizeli, kisha kuuwasha Mlolongo ili tukifungua tupokewe na ubaridi. Bi. Kavindu alichomoa embe la katikati ya mzigo, lililokuwa bado vuguvugu, na kumwomba alile mbele yetu. Mutinda hajauzima mtambo tena, wala hali maembe.

Mwezi huu amekuwa akimalizia likizo yake. Jumanne iliyopita lori lilifika kutoka Kathonzweni, na miongoni mwa mizigo kulikuwa na kreti zenye jina lake. Ni mavuno ya kwanza ya miche aliyoipanda likizo baada ya likizo kwenye shamba lilelile aliloliacha. Mwenyewe alishuka kutoka mbele kwa dereva bila koti, na bawabu akamwomba kitambulisho.

Mzigo uliingizwa, na Valarie, anayemrithi, akafunga mlango. Ng'ambo ya barabara Bw. Zadock alikuwa ameshaagiza chai. Bi. Kavindu akaomba aingie dakika moja tu ayaone maembe yake. Valarie alisimama mbele ya mlango.

"Pole, Mathee," alisema. "Mwenye mzigo haingii."

Bi. Kavindu alienda stoo, akarudi na kile kiti chake, akakiweka mbele ya mlango na kumketisha Valarie. Halafu akaenda kusimama ukutani pamoja na wakulima wengine, akalia. Nasi tukalia. Bw. Zadock alidhani kuna msiba, akaacha chai yake na kuvuka barabara kuuliza kulikoni. Kwa kuwa alikuwa ameshafika upande huu, alinunua.

Bi. Kavindu, tunakushukuru kwa kutufundisha kuketi. Koti lako linaning'inia mahali pake, na Valarie amelipunguza mikono. Tunakuombea afya njema, mvua ya wakati wake na barabara isiyo na mashimo. Ukileta mzigo, kiti utapata na chai tutakununulia. Mlango hatutakufungulia.