Shamba Lisilo na Kupe

Festus, funga mlango ukae. Usisimame hapo kama mgeni anayetafuta nafasi ya kuaga. Nawe Mukai, niinue kidogo, uongeze mto, maana kifua hiki kikilala chini maneno hayatoki. Hapo hapo. Sasa nisikilizeni mimi mama yenu, Syombua mke wa Ndolo, mnisikilize mpaka mwisho, kwa kuwa pumzi niliyobakiwa nayo si ya kurudia neno mara mbili.

Jana wale watu wa Syokimau walipokuja kutazama shamba, Bonface na mkewe Ann, mlidhani nimelala. Sikulala. Dirisha lilikuwa wazi, nikawasikia mkizunguka. Bonface akauliza, "Hapa kuna kupe?" Nawe Festus ukamjibu, "Tangu tuhamie hatujaona kupe." Akauliza mbung'o, ukasema hawako. Akauliza kama ugonjwa wa miguu na midomo umewahi kupita hapa, ukasema haujapita. Yote hayo ni kweli, sikatai. Halafu mkafika penye kaburi la Reuben, na yule mwanamke akauliza kwa sauti ya chini huyu ni nani, nawe ukasema, "Ni ndugu yangu mdogo. Aligongwa na lori barabara ya Mombasa."

Mwanangu, niliuma shuka.

Kisha Ann akaingia humu kunijulia hali. Mtoto mwenye adabu. Akaketi hapo ulipoketi, Mukai, akaniuliza, "Mama, ng'ombe hukaa vizuri hapa?" Nikafungua kinywa nimwambie, kikohozi kikanikaba, na kabla hakijaniachilia, Festus ulikuwa mlangoni ukisema, "Mama amechoka, tusimsumbue." Akaondoka bila jibu. Jibu lile bado liko hapa kooni, linaniuma kuliko ugonjwa, na ndilo lililonifanya niwaite.

Mukai, wewe wakati ule ulikuwa kwa mumeo. Festus, ulikuwa Athi River kazini, mambo ulikuwa unayapata nusunusu. Leo yasikieni kwa mtu aliyekuwepo.

Baba yenu hakuwa mtu wa kukurupuka. Kule kwao milimani, alipokuwa angali kiwandani, ng'ombe wa baba yake waliisha kwa ndigana, ugonjwa uletwao na kupe, mmoja baada ya mwingine, matezi yamevimba chini ya masikio, wanahema kama waliokimbizwa. Alikuja likizo akakuta zizi limeota magugu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku hiyo hakuweza kumpita ng'ombe wa mtu bila kumkunja sikio atazame ndani. Tukienda harusini yeye yuko zizini kwa wenyewe, na suti yake, anakunja masikio. Watu walimcheka. Mimi pia nilimcheka.

Basi kiwanda kilipopunguza watu, naye akawa mmoja wao, alirudi nyumbani akaniambia, "Syombua, tutauza kipande cha milimani, tuongeze kiinua mgongo, tununue shamba la ng'ombe wa maziwa. Lakini sinunui shamba kwa macho." Nikamuuliza, utanunua kwa nini basi? Akasema, "Kwa kuuliza."

Na aliuliza, wanangu. Alianza na Kivaa, ambako shamba lilikuwa kubwa na mwenyewe alikuwa na haraka ya kuuza. Baba yenu alienda akaketi karibu na mto wakati wa jua kali, amekunja suruali mpaka magotini, akingoja. Mbung'o akaja akamuuma. Akateremsha suruali, akamshukuru mwenye shamba, akapanda gari. Jioni alinionyesha uvimbe kwenye muundi kama mtu anayeonyesha risiti, akasema, "Huyu ameniokolea pesa za shamba zima." Akaenda Kinanie. Huko mahali ni tambarare, nyasi fupi tamu, barabara iko karibu, na dalali akamsifia mpaka mate yakamkauka. Baba yenu akauliza, "Vile vyeusi kule mbali ni nini?" Akaambiwa ni nyumbu, huja kuzalia pale kila mwaka, hawana neno. Akageuka. Alikuwa amesikia kwa wafugaji kwamba nyumbu akizalia malishoni ng'ombe hupofuka macho na kufa. Dalali akamwita mwendawazimu. Baba yenu akacheka njia nzima mpaka nyumbani.

Watu wa pwani husema mchagua nazi hupata koroma. Nilimtajia methali hiyo, nimechoka kukaa nyumba ya kupanga mjini na vitu vyetu vimo kwenye magunia mlangoni. Akasema, "Ngoja kidogo tu, mama Festus."

Ndipo akasikia habari za hapa. Kaloki, jirani yetu huyu wa ng'ambo ya kijito, alikuwa anauza nusu ya shamba la baba yake. Baba yenu alinileta nilione. Nyasi zilitufika kiunoni. Akaingia ndani yake na shuka jeupe, akaliburuta huku na huko kutwa nzima, kisha tukalitandaza chini tukalichungulia wawili kama watu wanaotafuta sindano. Hatukupata kupe hata mmoja. Akapanda kwa Kaloki, akakunja masikio ya ng'ombe wake wote. Safi. Akamuuliza mbele yangu, nami namwona Kaloki hata sasa, amekaa kwenye kigoda anachonga mpini: "Mzee, umewahi kuona kupe pale chini?" Kaloki akasema, "Tangu nizaliwe sijaona." "Mbung'o?" "Hapana." "Ugonjwa wowote umekuulia ng'ombe pale?" Kaloki akapuliza vumbi la mti kwenye mpini, akasema, "Mimi ng'ombe wangu sijawahi kuwalisha pale."

Lilikuwa neno la kweli, wanangu. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mtu ana nyasi za kumfika kiunoni, na ng'ombe wake wanalamba mawe mlimani, na sisi hatukuuliza kwa nini! Baba yenu alisikia neno moja tu ndani yake: kwamba ng'ombe wa watu hawajachafua mahali pale. Alinishika mkono tukiteremka. Hakuwa mtu wa kunishika mkono mbele za watu.

Tulikaa vizuri. Lazima niseme hivyo pia, kwani ndivyo ilivyokuwa. Ng'ombe wa gredi watatu walikuja, wamepakizwa kwenye lori kama wageni wa heshima, na Reuben ndiye aliyewapenda kuliko sote. Alikuwa amemaliza chuo cha ufundi, hana kazi, akasema kazi yake ni hii. Alikuwa akikamua huku akiimba nyimbo za kwaya, na maziwa yakatoka mpaka gari la kuyakusanya likawa linasimama langoni bila kuitwa. Malisho yetu yalikuwa ya juu, karibu na nyumba; kule chini bondeni baba yenu alikuwa anapahifadhi kwa ajili ya kiangazi.

Halafu ikaja ile mvua ya El Nino. Mnaikumbuka. Ilibomoa madaraja, itaacha bonde? Ilichimba korongo kule chini hata mtu akisimama ndani haonekani, na ilipokwisha, nyasi zikaota juu ya ule udongo uliogeuzwa, nyororo, za kijani cha kuumiza macho. Baba yenu akasema ng'ombe washuke sasa, wafaidi.

Yule ng'ombe mkubwa alikufa kwanza. Jioni alikamuliwa, asubuhi tukamkuta amelala, tumbo limejaa, damu nyeusi inamtoka puani, na haigandi. Baba yenu alikunja sikio. Mpaka leo namwona: amepiga magoti topeni, anakunja sikio la ng'ombe mfu, anatafuta kupe, anakunja na la pili. "Ni safi," akawa anasema. "Syombua, ni safi kabisa." Watu walikuwa wameshafika na visu, kwa maana nyama haitupwi. Reuben ndiye aliyechuna. Mkono wake ulikuwa na mikwaruzo ya ua wa miiba tuliokata wiki hiyo.

Mkwaruzo mmoja ukavimba, ukawasha, kisha ukafanya kidonda cheusi katikati, cheusi kama kaa la moto lililozimika, na wala hakimuumi. Alinionyesha akicheka. "Mwaitu, mama, tazama, hata ukibonyeza hakuna kitu." Zahanati wakampa dawa ya jipu. Ng'ombe wa pili akafa, na wa tatu. Reuben akashikwa na homa, shingo na uso vikavimba hata macho yakafumba, na tulipompata mtu wa kutupeleka hospitali kubwa, njiani, nimempakata kama mtoto mchanga, aliniuliza, "Ng'ombe wameshapewa maji?" Nikamwambia wamepewa. Hakukuwa na ng'ombe. Hakuniuliza tena.

Daktari wa mifugo alikuja asubuhi ya mazishi, kabla ninyi hamjafika, na watu wake na chokaa. Akatutajia jina: kimeta. Akasema ugonjwa huu hauji na kupe wala mbung'o, hukaa udongoni miaka na miaka, ukingoja. Akauliza, "Hapa chini waliwahi kuzikwa ng'ombe?" Sote tukamgeukia Kaloki. Naye akasema, wanangu, mbele ya jeneza la Reuben lililokuwa bado halijateremshwa, akasema kwamba ng'ombe wa baba yake, zizi zima, walizikwa bondeni enzi za mkoloni, na kwamba baba yake aliapiza mtu yeyote wa nyumba yake asilishe pale. Baba yenu akamuuliza kwa sauti ndogo sana, "Kwa nini hukuniambia?" Kaloki akasema, "Uliniuliza habari za kupe. Hukuniuliza habari za udongo."

Baba yenu hakumpiga. Ningefurahi kama angempiga. Daktari alituambia kuna chanjo ya kila mwaka, na bonde lifungwe kwa ua, na mtu anaweza kufuga. Baba yenu hakumsikia. Aliketi hapo nje akitazama nyasi zikiota, msimu kwa msimu, mpaka moyo ukasimama. Hospitali waliandika presha. Mimi nilikuwa nikilala naye kitanda kimoja, najua kilichomuua. Alikuwa akiamka na kuniuliza, "Syombua, ningeuliza nini tena?"

Mukai, maji. Kidogo tu... Tosha.

Festus, mwanangu, sikukasirikii. Najua una watoto na kazi imekwisha, na ardhi hii ndiyo yote tuliyo nayo. Kwetu milimani kuliuzwa, hatuna pa kurudi. Nimewaachia shamba lisilolishika na, mkisema kweli, pengine lisilouzika. Nimelala hapa miezi nikitafuta njia ya tatu, nimemwomba Ngai anionyeshe, hajanionyesha. Sitawadanganya eti kuna heri mbele. Siioni. Lakini yule Bonface anauliza maswali ya baba yako. Hayo hayo, kwa mpangilio huo huo. Na yule Ann ana mtoto tumboni. Hukumwona, wewe ni mwanamume, lakini mimi nilimwona alivyoketi. Ukinyamaza, utakuwa umekaa kwenye kigoda cha Kaloki. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo kikija hakimuumbui aliyeficha peke yake.

Basi agizo langu ni hili. Waiteni warudi. Washusheni mpaka bondeni, muwaonyeshe lile korongo, mtaje kimeta kwa jina lake, mseme na habari ya chanjo, na Reuben mumrudishie kifo chake mwenyewe. Msimpe cha lori. Wakinunua, wanunue wakijua. Wakiondoka, waacheni waondoke, hata kama ni wa mwisho kuja. Bonde lisichimbwe, si shimo la nguzo, si la choo. Mbuzi wawili ni wa Mukai. Koti la baba yenu ni la Festus, msiligombanie. Mimi nizikeni upande wa juu, penye mawe. Kaloki akija mazishini mpeni kiti na chai, ni mzee, lakini asinitupie udongo. Nimejaribu kumsamehe. Kasisi ameniombea. Imeshindikana, na sitakwenda mbele ya Mungu nikisema imewezekana.

Sasa niitikieni. Mukai? Nimekusikia. Festus?

Festus.

Mukai, nani amefungua mlango? Ni simu yake hiyo inayolia... Nyamaza nisikie. Anasema nini huko nje? Amesema "kesho"? Amesema waje kesho asubuhi, sivyo? Mbona hunitazami, mwanangu? Amewaambia, au hajawaambia?

Usilie. Si kosa lako. Mimi nimesema, nguvu za kusimama mlangoni sina.

Leta viganja vyako. Nilitaka kuwatemea baraka ninyi wawili, kama mama yangu alivyonitemea nikienda kuolewa, lakini ulimi umekauka, hakuna mate. Lowesha kitambaa, unipanguse midomo... hapo. Mkono huu ni wako. Upate wa kukuzika. Watoto wako wale chakula kisichowadhuru. Na mkono huu wa pili... ufumbe, usiufungue mpaka arudi ndani. Ni wake. Ni mwanangu, hata akiwa hajawaambia. Mwambie... mwambie mama alimwachia... ufumbe vizuri, Mukai...

Mpelekee kabla hakujakucha.